Alama ya Mzigo

Nilimsikia kabla sijamwona. Kilichotangulia hakikuwa sauti yake bali sauti ya selotepu, ile pana ya kahawia ya kufungia mizigo, ikivutwa kwa nguvu kutoka kwenye roli lake: kraaaa, kisha kofi la kiganja kikiilaza juu ya boksi. Halafu mwanamke akasema, taratibu kama anayehesabu nguo za kufua, "Haya, niulize." Kraaaa tena.

Nilikuwa nimevaa hedifoni katika chumba cha Dokta, ghorofa ya nne ya jengo la chuo, na kazi yangu ilikuwa kuandika kila ninachokisikia kwenye rekodi za mahojiano yake. Dokta alikuwa mtafiti kutoka kwetu, mwanamke wa bara, mpole na mchapakazi, aliyekuja Guangzhou kuchunguza ukatili katika ndoa za wafanyabiashara wa Afrika Mashariki. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye hadithi tatu zilizochapishwa na riwaya moja isiyokwisha. Alinichukua kwa sababu, alisema, mtu anayetunga hadithi husikia vizuri. Niliamini. Nilikuwa katika umri wa kuamini kila kizuri ninachoambiwa kuhusu mimi.

Yule mwanamke alikubali kuhojiwa kwa sharti moja, kwamba afunge mizigo huku akizungumza. Aliishi mtaa wa Xiaobei, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, katika jengo ambalo kuta zake ni nyembamba na majirani zake wote wanajua Kiswahili. Kila alipofika penye neno zito alivuta selotepu. "Kisha akachukua," kraaaa. "Nikamwambia mtoto aingie bafuni afungulie," kraaaa. Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikabana masikio mpaka yakauma. Maneno hayakutoka. Dokta alinielekeza niandike kwenye mabano, sauti ya selotepu, kisha niendelee. Nikaandika hivyo mara nyingi mno, mpaka kurasa zake zikawa na kiitikio.

Yaliyosikika yalitosha. Mumewe alikuwa na kampuni ndogo, na kibali cha mkewe cha kuishi China kilitegemea kampuni hiyo. Pasipoti ya mke na ya binti yao wa miaka sita zilikaa kwenye droo ya ofisi yake, na ufunguo mfukoni mwake. Mwanamke alikuwa amechukua mwaka mzima kumshawishi kwamba mtoto akaanze shule nyumbani, Dar es Salaam, na hatimaye mume akakata tiketi mbili, za Alhamisi, mwisho wa mwezi. Angewapa pasipoti uwanjani. Asichokijua ni kwamba mkewe hakukusudia kurudi.

"Nikishapita pale wanapogonga muhuri," alisema, na hapo hakuvuta selotepu, "mimi si wake tena. Kabla ya hapo mtu asijue. Umenielewa, Dokta? Mtu asijue."

"Hatajua mtu, dada," Dokta akajibu.

Na kweli alikuwa mwangalifu. Hakutaka majina wala sahihi. Kwenye karatasi ya ridhaa kila mwanamke aliombwa aweke alama yoyote anayoitaka, na Dokta aliwasomea wote sentensi ileile: siku ukitaka kujitoa, nioneshe alama yako, na maneno yako nitayafuta. Mmoja alichora kikombe. Mwingine ua, mwingine jicho. Huyu wa selotepu alichora msonge, mraba uliosimama kwa ncha, na ndani yake vistari vitatu, kwa makapeni, ile kalamu nene nyeusi ya kuandikia mizigo, iliyokuwa mkononi mwake. Nilipoiona niliipenda. Niliandika katika daftari langu kwamba inafanana na dirisha lenye nondo. Nikafurahi jinsi nilivyoona mbali.

Sikuona kitu. Guangzhou mtu akipeleka mzigo kwa wakala haandiki jina lake juu ya robota. Kontena moja hubeba bidhaa za watu wengi, na bandarini hakuna anayepoteza muda kusoma majina, kwa hiyo kila mfanyabiashara ana alama yake, na hiyo ndiyo inayotajwa mzigo unaposhushwa. Mtu aliyeichora kwa miaka minane, robota baada ya robota, ukimpa karatasi ukamwambia weka alama yako, mkono wake una alama moja tu. Dokta hakuwa amewahi kupakia mzigo maishani mwake. Lakini mimi nilikuwa na miaka miwili pale. Kila Ijumaa nilipita katikati ya marobota nikienda kula pilau.

Dokta alialikwa kuonesha kazi yake chuoni. Tukachapisha bango kubwa, alama zote zikiwa zimepangwa na kila moja na sentensi moja pembeni. Sentensi nilizichagua mimi. Kwenye msonge nilichagua hii: *Anapiga penye nguo. Uso ni wa dukani.* Niliichagua kwa sababu ilikuwa nzuri. Nimejaribu kujitafutia sababu nyingine tangu siku hiyo na sijaipata.

Mwanafunzi mwenzangu alimpiga Dokta picha mbele ya bango, anatabasamu, akairusha kwenye kundi la simu la watu wa kwetu, na maua na pongezi.

Kesho yake mchana nilipanda jengo la maduka la Tianxiu Dasha na viatu vya mama yangu nilivyovinunua soko la Liuhua, nivitume. Wakala wa mizigo alikuwa mzee wa Kariakoo mwenye kitambi na mdomo usiotulia. Aliniita laoban, bosi, kama Wachina wanavyomwita kila mnunuzi, hata wa pea moja ya soksi.

"Laoban, leo umekuja kutuma mzigo au kutuandika?"

"Kutuma, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Afadhali. Kuandikwa na wewe kunamkondesha mtu."

Nikageuka nitafute pa kuweka mfuko wangu. Marobota yalipangwa mpaka karibu na dari, na katika matano ya chini, kwa makapeni nyeusi, ulisimama msonge kwa ncha yake na vistari vitatu ndani.

"Haya ya nani, mzee?"

"Nguo za watoto hizo. Za shemeji yetu sote hapa, yule mpole, mwenye ofisi ghorofa ya juu. Mbona hata alama yao nimeiona jana kwenye kundi, na yule Dokta wenu? Wamekuwa watu maarufu."

"Umesoma kilichoandikwa?"

"Nisome nini, maandishi ya sisimizi yale, na miwani nimeiacha nyumbani?"

Niliacha viatu vya mama mezani na kutoka. Kwenye ngazi nilimpigia Dokta. Akasema, "Tulifuata utaratibu wote." Akarudia tena, kwa sauti ndogo zaidi. Ndani ya saa moja picha iliondolewa kwenye kundi. Tulikaa chumbani kwake tukiangalia simu, kana kwamba kuiangalia kungewafanya watu wasiwe wameona.

Saa tisa mlango ukagongwa, na ndipo nikamwona. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Vidole vyake viwili vilikuwa na wino mweusi ambao ulionekana hautoki tena. Hakukaa.

"Ameiona," alimwambia Dokta. "Hajanigusa. Ananitazama tu. Amesema saa kumi twende kwa wakala, mbele ya wazee wa jumuiya, nikaeleze nani kasema maneno yale juu ya alama yake. Alhamisi ni keshokutwa."

"Dada, tunaweza kutafuta mahali," Dokta alisema. "Tutazungumza na chuo, na ubalozi—"

"Na pasipoti? Na mwanangu, yuko naye ofisini sasa hivi, kampa simu achezee." Akanigeukia. "Huyu ndiye anayetunga hadithi?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Basi tunga. Sema uliona alama kwenye mizigo ukaichukua, na maneno ukayazua. Mimi sikuwahi kuzungumza na mtu."

Dokta alisimama. "Hapana. Sikiliza, dada yangu. Akisema tumezua hilo, basi watu watasema tumezua yote. Wanawake wengine wote walioniamini, nani atawasikiliza tena? Watasema ni hadithi za binti wa chuo."

Sitaki kumfanya Dokta mtu mbaya. Alilolisema lilikuwa kweli, na ndilo lililokuja kutokea.

Mwanamke hakubishana. Alichukua kalamu mezani, akavuta karatasi ya kwanza aliyoifikia, akachora msonge wake na vistari vitatu, akaisukuma mbele ya Dokta.

"Ulinisomea," alisema. "Siku nikitaka kujitoa, nikuoneshe alama yangu. Hiyo hapo."

Dokta aliitazama ile karatasi. Kisha akakaa, akafungua kompyuta, na mbele yetu akafuta sauti yake yote, selotepu na kila kitu. Mwanamke akatangulia kuondoka. Mimi nikamfuata baada ya dakika kumi, kama tulivyokubaliana.

Katika ofisi ya wakala walikuwapo wazee wawili wa jumuiya, wakala mwenyewe, na mume. Nilikuwa nimemjengea sura kichwani kwa wiki nyingi, na sura hiyo haikuwapo. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, kanzu safi, aliyenisogezea kiti. Mkewe alikaa kando, mikono mapajani, kidole juu ya kidole kuficha wino.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu tusaidie. Maneno haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani." Alikuwa na picha kwenye simu yake, ile tuliyodhani tumeifuta. Akasoma kwa utulivu, neno kwa neno. "Uso ni wa dukani. Binti ambaye hajaolewa anayajuaje haya?"

Nikasema nilisikia wanawake sokoni wakitaniana kuhusu poda, nikaunganisha na mengine. Nikasema alama niliiona humu humu kwenye marobota, nikaona ni nzuri. Nilisema karatasi za chuo zinahitaji kujaa, nikajaza. Kila sentensi ilitoka safi kuliko iliyotangulia. Sijawahi kutunga vizuri kama siku ile.

Mzee mmoja akakohoa. Ndipo wakala akacheka.

"Huyu mtoto ni janga. Mwaka juzi kaandika hadithi ya mzee wa mizigo mwenye kitambi anayeongea usingizini. Mke wangu akaisoma Dar, akanipigia kuniuliza nani kamwambia huyu binti kwamba naongea usingizini."

"Na unaongea?" mzee akauliza.

"Nitajuaje, nimelala?"

Wakacheka wote. Mume naye akacheka, na chumba kikapata hewa. Akaniambia nimwombe radhi mke wake, maana ndiye niliyemdhalilisha. Nikamgeukia.

"Nisamehe, dada. Nimekuzulia."

"Siku nyingine usiokote vitu vya watu," alijibu. Hasira ile hakuiigiza.

"Yameisha," mzee akasema, na wakala akamimina chai. Nilimwona mwanamke akishusha pumzi, kidogo sana, kama mtu anayetua mzigo asitake usikike ukigusa sakafu. Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Nilianza hata kupanga nitakavyomweleza Dokta.

Mume alikunywa chai yake, akaweka kikombe. "Na mimi nimepakumbuka nyumbani," alisema, akiwaambia wazee, si mkewe. "Nimeona nisiwaache hawa wasafiri peke yao. Mchana huu nimejikatia tiketi. Tutakwenda wote, tumpeleke mtoto shule, turudi wote."

"Hilo ndilo jambo," wakala alisema. "Mume ni huyo."

Nilimtazama mkewe. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ulibaki mwanana, umetulia, tayari kumhudumia mteja. Alisema, "Alhamdulillahi," akanyanyuka, akafunga vizuri mtandio, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima. Mimi hakuniaga.

Mume alimfungulia mlango. Aliweka kiganja mgongoni mwake, penye nguo, akampitisha mbele yake, na mlango ukafungwa nyuma yao.