Kopo la Shahamu la Hendrikje

Mke wangu Hendrikje alipaka shahamu boriti za Lango la Maji miaka thelathini na minane. Hakuna aliyemwajiri. Mama yake alizipaka, naye akarithi.

Boriti ziko ishirini. Mto Maas ukipanda, huteremshwa moja juu ya moja kwenye mifuo iliyochongwa katika mawe ya lango, safu mbili, katikati hushindiliwa samadi ya farasi kuziba maji. Ukuta wa mji wetu ulijengwa zamani kuwazuia Wahispania. Hao walikuja, wakavunja kilele cha mnara wa kanisa, wakaenda zao. Maji huja kila mwaka.

Kila Oktoba alikaa pale na kopo lake, akipaka ncha za boriti kwa vidole vinne. Brashi aliikataa. "Brashi haijui palipokwaruzika," alisema. Mikono ilimnuka ng'ombe mpaka Krismasi. Nililalamika. Sasa najuta.

Alifariki Agosti. Oktoba ikaja, ikapita. Mimi nilikaa tu.

Januari mto ukapanda. Asubuhi wanaume wakaanza kuteremsha boriti. Ya tatu ikakwama, haishuki, haitoki. Teunis, mwashi, akaigonga nyundo mpaka akahema.

"Nani alizipaka safari hii?" akauliza.

Wakanitazama, kisha wakatazama kwingine.

"Kavu kuliko mahubiri ya mchungaji," akasema Jikkemien, muuza samaki. "Goossen, mkeo alikudekeza, baba. Kahawa akumiminie, na boriti akupakie."

"Niache, mama."

"Nikuache mimi, na maji yakuache? Shahamu iko wapi?"

Mchinjaji anayetuuzia shahamu anakaa nje ya ukuta, na njia yake ilikuwa imeshazama. Shahamu ilikuwa kopo moja tu mjini, rafuni kwangu, juu ya jiko. Nilifunua kopo siku ya mazishi, nikafunika. Ndani vidole vyake vinne vilikuwa vimeacha mifereji, kama amechota jana. Picha hatukupiga hata siku moja, mimi na yeye. Nilikuwa na mifereji ile tu.

"Mzee," Teunis akasema taratibu, "kama huna, sema. Tuanze kupandisha watoto ghorofani."

Nikaenda. Nikarudi na kopo kifuani. Teunis akanyoosha mkono.

"Mimi mwenyewe," nikamwambia.

Nikaweka vidole kwenye mifereji yake. Havikuenea, vyangu vinene. Nikachota, nikapaka pale ilipokwama.

Boriti ikashuka. Nikapaka zilizobaki, ncha kwa ncha, mpaka kucha zikakwaruza bati. Jikkemien alinishikia kopo, hakutania tena.

Maji yalifika boriti ya saba, yakakaa siku tano, yakarudi. Mtaani hayakuingia.

Kopo liko rafuni, tupu. Mchinjaji ameniwekea mafuta ya figo za ng'ombe, niyayeyushe yawe shahamu. Oktoba hiyo inakuja. Magoti yanauma na sina hamu na kitu, lakini nitakwenda langoni. Brashi sitashika.