Mabenchi Mafupi ya Mzee Astère

Ukitaka Mzee Astère aache kazi katikati, mtajie Mbarara. Ataweka randa chini, atatazama pembeni, kisha ataendelea na ubao wake kana kwamba hujasema kitu. Mimi ni jirani yake hapa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi, nauza mafuta na chumvi mbele ya nyumba, na mwaka ule wa mabenchi tulikuwa pamoja kwenye kamati ya wazazi wa shule. Kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona. Na usitarajie niyaseme kwa upole, maana upole wangu waliumaliza hao wa Mbarara.

Astère ni Mrundi, fundi seremala, na hajui kusoma. Si kwamba alikuwa mtoro. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na mwaka wa sabini na mbili walikuja watu na lori, wakamchukua yeye na wenzake wenye kalamu mfukoni, waliosoma. Hakurudi hata mmoja. Wiki hiyohiyo mama yake akamtoa Astère shuleni, akisema mtoto asiyejua kusoma hatafutwi na mtu. Akapelekwa kwa mjomba kujifunza useremala, na mpaka leo anapima kwa kamba yenye mafundo. Kitu alichokitengeneza yeye hakiyumbi.

Mjukuu wake ni Élyse, mtoto wa marehemu binti yake. Kwa huyo mzee alikuwa na neno moja tu.

"Miye walinificha shule," aliniambia. "Uyu hapana. Uyu atasoma mbele ya watu."

Basi Élyse alikuwa darasa la kwanza mwaka wa pili, na jina lake mwenyewe hakuweza kuliandika. Mjinga hakuwa. Darasa lao lilikuwa na watoto zaidi ya mia mbili, wote chini, kwenye vumbi, daftari juu ya goti. Waliokaa nyuma waliona migongo ya wenzao zaidi kuliko walivyoona ubao. Mwalimu Marcienne, Mrundi aliyeajiriwa kuwasaidia wadogo, alipita katikati yao akiruka miguu.

Sasa sikiliza linaloniuma. Serikali hutoa ruzuku ya shule kwa kuhesabu vichwa. Wenye vichwa vingi ni nani? Ni hao wadogo. Wao ndio wanaoijaza shule, kwa hiyo wao ndio wanaoleta fedha. Na fedha ikishafika inapanda ngazi mpaka darasa la saba, kwa watahiniwa, inanunua vitabu na chaki na chakula cha wanaobaki kusoma jioni. Wadogo wanabaki na vumbi lao. Nililisema hilo kwenye kamati mara nyingi mpaka wenzangu wakawa wanaangalia simu zao nikisimama.

Kisha shirika moja likaleta mbao, na wenyewe wakasema hadharani: hizi ni za mabenchi ya darasa la kwanza. Hedimasta akampa Astère kazi, akamwagiza atengeneze ya kimo cha kawaida. Astère aliitikia tu. Mbao zilishaletwa mara moja kabla ya hizo, mabenchi akayatengeneza yeye, ya kimo cha kawaida, na hayakumaliza wiki kwa wadogo kabla ya kuhamia la saba.

Alipomaliza kuunga miguu, nilimkuta uani na msumeno, anaikata yote, benchi kwa benchi. Nilidhani mzee amerukwa na akili.

"Mama Bienfait, kaa apo," akaniambia. Nikakaa. Magoti yakanifika kifuani. Akacheka. "Unaona? Mutu wa la saba atakaa apo aje?"

Vile vipande vya miguu alitaka kunipa nikapikie maharagwe. Marcienne akamzuia. Akachukua chaki, akaandika herufi moja kwenye kila kipande, na Astère akazipitia kwa msumari uliokolea moto, akiunguza mstari juu ya mstari ili zisifutike. Hakujua anaunguza nini. Akawa anauliza: hii ni nani, na hii? Alipofika kwenye E, Marcienne akamwambia ndiyo inayoanza jina la mjukuu wake, na ndiyo inayolimaliza. Mzee akakishika kile kipande muda mrefu.

Muhula ule, kwa mara ya kwanza, darasa la kwanza lilikaa kwenye mabenchi zaidi ya wiki. Hedimasta alikasirika, lakini angefanya nini, watahiniwa wangekaaje pale? Marcienne aligawa vile vipande, watoto wakavipanga juu ya mabenchi, wakavipokonyana, wakagombana kwa ajili ya A. Alianza na majina yao, kila mtoto na lake. Siku moja Élyse akapanga herufi tano mbele ya babu yake, akazisoma moja moja kwa kidole, kisha akalisema jina zima. Mzee alicheka huku akijifuta macho kwa mkono wenye unga wa mbao. Nami nililia, sioni haya kusema.

Hapo ndipo ikaja hiyo Mbarara. Kulikuwa na mkutano wa mashirika, hotelini mle mjini, wa kuzungumzia bajeti za shule, na walitaka mzazi mmoja kutoka kambini. Kamati tukamchagua Astère. Nikamsindikiza, kwa sababu Kiswahili changu kinakwenda kasi na nina mdomo. Hedimasta naye alikuwepo, meza ya mbele, na soda yake.

Astère alisimama, ameshika kipande chenye E. Akasema maneno machache, na mtu akayatafsiri kwa Kiingereza.

"Mutoto mudogo ndiye analeta pesa. Muiache kwake. Mutu hajengi nyumba kwa kuanza na bati."

Walipiga makofi! Mama mmoja mwenye miwani akakiomba kile kipande, kikazunguka ukumbi mzima, wakampiga mzee picha akiwa nacho. "Tumelichukua hilo, mzee," wakasema. "Tumelichukua." Wakatulisha kuku. Wakati wa kurudi Astère alishuka sokoni Rwekubo akanunua mkate wa Élyse, na njia nzima alikuwa akiniambia kwamba sasa mambo yatanyooka. Aliamini. Nami niliamini, na hilo ndilo nisilowasamehe.

Muhula wa tatu, mtihani wa taifa ukakaribia. Watahiniwa walitakiwa kukaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake, na mabenchi hayakutosha. Hedimasta akamwita Astère ofisini, nikaingia naye bila kuitwa.

"Mzee, wewe ulienda kuniripoti Mbarara," akasema. "Sawa. Sasa hii ni watu ya mtihani. Wakifeli, ni mimi watatoa hapa, siyo wewe. Rudisha miguu kwa hizo benchi."

"Miguu ilikwisha kukatwa, sebo," Astère akamjibu, kwa heshima kama mtu amwitaye mwenzake bwana.

"Ile mbao ya alfabeti iko saizi. Nimeangalia."

 Astère aliitazama mikono yake, akasema, "Iyi mikono haitafanya iyo kazi."

Mimi nilipaza sauti. "Na batoto batakaa fasi gani?"

"Mama, hao walikuwa wanakaa chini tangu zamani," akasema. "Hakuna alikufa."

Akaletwa fundi mwingine kutoka Rwekubo. Na mabenchi hakuyabeba fundi, waliyabeba watoto wenyewe wa darasa la kwanza, wanne wanne, kutoka darasani kwao mpaka la saba, huku wakiimba wimbo wa vokali aliowafundisha Marcienne. Élyse alirudi nyumbani akijisifu kwamba wao ni wenye nguvu. Kesho yake fundi akapigilia kila kipande chini ya mguu, A hapa, M pale, misumari mirefu ikipita katikati ya herufi. Mtihani ulipokwisha nilimuuliza hedimasta mabenchi yanarudi lini. Akasema mwakani kuna watahiniwa wengine.

Siku moja Élyse alichelewa kurudi, tukaenda na babu yake kumtafuta. Alikuwa kwenye chumba cha darasa la saba, wenyewe wameshatoka, amelala kifudifudi kwenye sakafu, anatambaa kutoka mguu hadi mguu wa benchi.

"Sogokuru," akamwambia babu yake, "E moja nimeiona. Ile ingine wameigeuza."

Mlinzi akatufukuza wote watatu.

Januari Élyse alipandishwa la pili pamoja na wengine wote, maana siku hizi hawarudishi mtu tena. Anakaa chini. Na mwezi uliofuata kijana wa shirika akapita na pikipiki, akamletea Astère zawadi kutoka Mbarara: karatasi kubwa inayong'aa yenye picha yake, anacheka, ameshika kile kipande. Chini kulikuwa na maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Mzee akaniuliza yanasemaje.

"Yanasema kila mtoto anasoma," nikamwambia.

Akamwita Élyse ayasome. Mtoto akaweka kidole mwanzoni, akataja E, akaruka, akataja E tena, kisha Y, L, E na S. Za jina lake tu. Babu yake akamwonyesha kwa kidole zile alizoziruka.

"Izo zingine Madamu alikuwa bado kutufundisha," Élyse akasema. "Wakazibeba."

Mzee akachukua ile karatasi, akaichana vipande viwili, akavitumia kufungia misumari yake.