Wimbo Ulioshuka na Lori

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho hata kama nimekaa kivulini. Sikuwahi kukusimulia. Kwanza ulikuwa mdogo, halafu ulipokua nikaona sina haja ya kukutisha. Lakini juzi nilikusikia ukicheka na simu yako, ukiwaambia wenzako umegundua vijana fulani wa Lituhi wanaopiga muziki ambao hakuna anayewajua, na kwamba kabla ya Jumapili Mbinga nzima itakuwa inawasikiliza. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Kaa hapa. Chai ikipoa utainywa hivyo hivyo.

Hicho kipaji cha kumnusa mwanamuziki kabla hajajulikana, unadhani umekiokota wapi? Mimi nilikuwa nacho kabla yako. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kuingia Mbinga na magari yao, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yamejaa redio, betri na nguo za mitumba. Mkulima akishauza kahawa yake, kwanza alinunua bati, kisha redio kaseti. Mimi nilikuwa msichana wa Kimatengo niliyeajiriwa na Mzee Shomari, mtu wa asili ya pwani aliyekuwa na duka la kanda karibu na stendi. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa vumbi. Ukishika kanda bila kufuta mikono, siku yako imeharibika.

Bendi kubwa za mjini zilijiuza zenyewe. Raha yangu mimi ilikuwa wale wasio na jina: kwaya ya kigango cha mlimani, kijana mwenye gitaa la kuazima, akina mama waliocheza ngoma yao ya kioda wakajirekodi kwa majaribio. Mteja akiingia namtazama, namwambia, "Kaka, leo usichukue hiyo. Sikiliza hawa kwanza." Wengi walirudi kunishukuru, na wengine walikuja kuuliza tu, "Dada Skola, una nani mpya?" Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Sasa, wakati fulani nilimsindikiza shangazi yangu hospitali ya misheni kule Liuli. Tukiwa tunarudi gari likaharibika katika kijiji kimoja cha ufukweni, tukakaa pale nusu ya siku. Hapo ndipo nilipowakuta Yusta na kaka zake wawili, Edwin na Aloni, wakipiga muziki mchangani huku watu wanaanika dagaa. Edwin alikuwa na banjo aliyoichonga mwenyewe kwa kopo la mafuta na nyaya za breki. Aloni alikalia sanduku kubwa la mbao lenye uzi mmoja, wanaliita babatoni, likinguruma mpaka unalisikia tumboni. Yusta aliimba. Mwanangu, niliwahi kusikia sauti nzuri, lakini ile ilinifanya nisahau kama gari limeharibika.

Redio kaseti ya dukani nilikuwa nayo, kama kila safari. Nikaomba kuwarekodi, wakakubali kwa furaha, watoto wakazuiwa wasipige kelele. Wimbo mmoja ulinishika kuliko yote. Maneno yake yalimhusu mtu aliyekwenda kazini mbali, na mama yake anayemngoja aonekane barabarani. Nikadhani ni wimbo wa kumngoja mpendwa. Sikuuliza zaidi ya hapo, fundi alikuwa ameshatuita kwenye gari.

Mbinga iliupokea ule wimbo kama mvua ya kwanza. Mzee Shomari alinakili kanda mpaka mashine ikachemka. Ulipigwa kwenye vilabu, kwenye saluni, kwenye mabasi ya Songea. Watu hawakujua jina la kundi, walisema tu "ule wa mchangani wa Skola." Unaona hapo? Wimbo ulikuwa wa Yusta, jina likawa langu, na mimi nikaona ni sawa.

Nikataka wenyewe wajisikie. Dereva mmoja aliyeitwa Kaspari alikuwa anashuka ziwani na lori kupeleka bidhaa, na juu ya kichwa cha lori alikuwa amefunga kipaza sauti cha kutangazia biashara. Nikapanda naye mbele, nimebeba kanda mpya na betri za zawadi. Njia nzima ya kuteremka milima tulikuwa tunatania. Tulipokaribia kona ya mwisho, ile ambayo ukiikata unaliona ziwa na kijiji chote kwa pamoja, nikamwambia, "Kaka Kaspari, weka ule wimbo. Nataka wausikie kabla hawajatuona."

Akauweka, akaongeza sauti.

Mtu wa kwanza kutusikia alikuwa mama mmoja kwenye shamba la mihogo. Nilimpungia mkono. Yeye aliangusha jembe, akaweka mikono kichwani, akabaki amesimama vile vile. Mbele kidogo wanaume waliokuwa wanashona nyavu walisimama wakavua kofia. Wanawake walitoka majumbani wakijifunga khanga kiunoni, wakaja kukaa chini kandokando ya barabara. Hakuna aliyepunga mkono na hakuna aliyetabasamu.

"Hapa kuna msiba," Kaspari akasema kwa sauti ndogo, na kwa heshima akapunguza mwendo, lori likawa linatambaa. Nikaanza kujiuliza ni nani amekufa, na mbona watu wote wanatutazama sisi.

Nikuambie sasa kitu ambacho mimi nilikijua baadaye. Katika kijiji kile, mtu akifia mbali, wanaomleta nyumbani huanza kuimba wakifika kona ya mwisho. Ni wimbo mmoja tu, tangu zamani, ili kijiji kijue kabla gari halijafika na asiwepo mtu wa kushtukizwa mlangoni. Kila mwenye mtoto au mume aliye safarini hutoka na kukaa barabarani. Gari huja polepole. Likifika katikati ya watu wimbo hukatwa, na aliyekaa mbele hutaja nyumba. Hao waliotajwa hulia, na wengine wote huinuka kuwasaidia. Yusta na kaka zake walichukua sauti ya wimbo ule wakaitilia maneno mapya na banjo. Kwa mbali, kwenye kipaza sauti kinachokwaruza, maneno hayasikiki. Inasikika ile sauti tu.

Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba tumepiga muziki kwenye msiba wa watu. Nikanyoosha mkono haraka, nikazima kanda.

Ukimya ule, mwanangu, sijausikia tena popote. Lori limesimama, mbele yetu watu wamejaa barabara nzima, na kila jicho liko kwenye mdomo wangu. Bibi mmoja alikuwa amemkumbatia mjukuu wake amemziba macho. Babu mmoja mrefu, aliyeitwa Mzee Hilali, akasogea mpaka dirishani.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba, binti. Sema."

Niseme nini? Nikasema kilichonileta. "Tunakuja nyumbani kwa kina Yusta."

Katikati ya wale waliokaa chini, mama mmoja akainuka nusu, akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akaanguka kifudifudi mchangani. Alikuwa mama yake Yusta. Mwanawe Aloni alikuwa amepelekwa hospitali kubwa ya huko juu milimani, kifua kimemkaza, na Yusta ndiye aliyekwenda kumuuguza. Watoto wawili wako mbali, na mimi nimeshuka kutoka huko huko, kwa wimbo ule, nimeitaja nyumba yake.

Kilio kilichoinuka hapo sitaki kukieleza. Watu walizunguka nyuma ya lori, wakafungua turubai kutafuta jeneza, wakakuta magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Hapo ndipo walipochanganyikiwa kabisa. Kijana mmoja alimshika Kaspari shati, akimuuliza maiti wameiacha wapi. Kaspari analia anasema hajui maiti yoyote. Mimi nilishuka nikajiona nimesimama peke yangu, watu wamenipa nafasi kubwa pande zote kama mtu mwenye ugonjwa. Niliamini kabisa kwamba nimemuua yule mama.

Edwin ndiye aliyetuokoa. Alikuja mbio kutoka mtoni, miguu ina matope, naye alikuwa amesikia na amekuja kulia. Aliponiona akanijua. "Dada Skola, ni Aloni?" Nikamwambia sikumwona Aloni, sikujua hata kama anaumwa, nimeleta kanda yao tu. Aliketi chini palepale akashika kichwa. Kisha akawapigia kelele wenzake waache kulia, hakuna aliyekufa.

Tulimpakia mama kwenye lori lile lile, juu ya magunia, tukaenda Liuli. Njia nzima nilimshika mkono na kuhesabu pumzi zake, nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo hata kanisani sikuyajua. Alizinduka jioni. Mdomo wake ulikuwa umevutika upande mmoja, na hivyo ndivyo ulivyobaki. Mzee Hilali, aliyekuja nasi, alinitoa nje ya wodi. Nilitegemea kofi. Hakunigusa.

"Ule wimbo hapa kwetu tunauchezea, hatukatai," akaniambia. "Vijana wanaupiga pale mchangani, tunawaona, wanatuona, kila mtu anajua ni mchezo. Lakini hauingii kijijini kwa kupitia barabara. Barabarani ni wa maiti. Ulipowasifia vijana wetu huko kwenu, uliwauliza?"

"Sikuuliza, babu."

"Basi ulisifia kitu usichokijua." Akarudi ndani.

Ningependa kukuambia kwamba hadithi inaishia hapo, mama amepona, watu wamecheka. Na kweli walicheka. Baada ya wiki chache kisa kiligeuka kichekesho cha ufukwe mzima. Mabasi yaliyoshuka kutoka Mbinga yalikuja yakipiga kanda ile, madereva walipenda kuiweka penye kona ile ile makusudi, na watoto walikimbilia barabarani kucheza. Mimi nilimwomba Mzee Shomari aache kuinakili, naye akaichukua kanda mama, akarekodi juu yake mawaidha ya dini. Lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa. Nilizunguka stendi nikiwasihi madereva, wakaniona nina wivu.

Kisha Aloni akafa kweli, kule hospitali.

Haya nilisimuliwa na Yusta mwenyewe. Alikuja dukani akiwa amejifunga kitambaa cheusi, akakataa kukaa, akaongea amesimama. Alisema walimpakia kaka yake kwenye gari la kukodi, yeye na akina mama wengine wawili. Walipofika kona ya mwisho akaanza kuimba, kama ilivyo desturi. Aliimba kwa nguvu zake zote. Gari likaingia kijijini polepole, na watu waliendelea kuanika dagaa. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu hawakuinua vichwa. Watoto wakaja mbio, wakalizunguka gari, wakacheza.

"Nilikuwa ninamwimbia kaka yangu," akaniambia, "na watoto wananipigia makofi. Mama alikuwa uani anatwanga. Hakutoka. Alijua aliponiona nimesimama mlangoni."

Hakunitukana. Aliaga vizuri, akaenda zake, na sijasikia kwamba aliimba tena popote. Kule kijijini nao, nimeambiwa, wimbo ule waliuacha. Siku hizi wanaoleta maiti hutuma mtu kwanza kwa miguu, na yule mtu hupita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba humwogopa anapokuja. Walikuwa na kitu kizuri cha kubebea habari mbaya, nami nilisaidia kukichakaza.

Basi sikiliza mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Sikuambii uache. Wanamuziki wasiojulikana wanahitaji watu kama wewe, na ningekuwa mnafiki kukukataza raha niliyoionja mwenyewe. Hao vijana wa Lituhi watafute, wapende, watangaze. Ila kabla hujabonyeza hicho kitufe chako, nenda kwao au wapigie, uwaulize: wimbo huu ni wa nini hapo kwenu, huimbwa lini, na ni nani asiyepaswa kuusikia bila kujiandaa? Wakikuambia huu utoke na huu ubaki, ule wa kubaki uuache hata kama ndio mtamu kuliko yote. Na ukitangaza, taja majina yao, lako liweke mbali. Ukiona unataka haraka, ujue hapo ndipo pa kungoja. Nyimbo nilizowahi kuzitoa dukani niliweza kuzikumbuka zote, lakini hata mmoja sikuweza kuurudisha.

Mungu akulindie masikio yako, yaendelee kusikia kizuri pale wengine wanapopita tu. Akupe na mdomo unaouliza kabla ya kusifia. Na siku yoyote utakapopeleka habari kwenye mlango wa mtu, iwe njema au mbaya, akujalie wenye nyumba wainue vichwa na wakuamini. Haya, kunywa chai yako, kisha uwapigie simu hao vijana, mimi nikiwa hapa hapa nasikia.