Bourbon ya miaka kumi na tano niliyoifungasha kwenye robota la jeans

Wakuu, poleni na mihangaiko ya huko mliko.

Mimi niko Guangzhou, kazi yangu ni kuwazungusha wafanyabiashara wa nyumbani masokoni na kuwafungashia mizigo. Hiki nachoandika kimenipata mwenyewe na sijakitia chumvi. Shahidi ni bosi wangu Saidi, mtu wa Unguja, ila yeye hawezi kufungua uzi wenye habari za pombe, kwa hiyo mtaniamini tu. Shule nimeishia form four, kiswahili changu mtakivumilia.

Twende.

Nina mchumba Arusha, anaitwa Neema. Mwaka huu nikaona nimechoka kuitwa "yule rafiki yako wa China", nikamwambia amuulize baba yake utaratibu wa posa.

Kwetu sisi wa kaskazini mnajua, posa haiendi mikono mitupu. Wazee wanapata cha kunywa kwanza, ndiyo maneno yanaanza. Nilikuwa nimejiandaa na mbege na kreti za bia kama binadamu wengine.

Jibu la baba yake likarudi kwamba mbege ipo na bia zipo. Yeye anataka chupa moja tu ya bourbon, ile yenye namba kumi na tano kwenye lebo. Tutaionja mimi na yeye, halafu tutaongea.

Kwa wasiojua, bourbon ni wiski ya Marekani, inatengenezwa kwa mahindi. Hiyo namba ni miaka iliyolala ndani ya pipa kabla ya kuingia kwenye chupa.

Nikampigia Neema. Nikamuuliza, baba yako ananikataa kistaarabu au? Akacheka, halafu akatulia akanieleza.

Mzee alikuwa barman kwenye hoteli moja pale mjini, ujana wake wote umeishia nyuma ya kaunta. Enzi zile hiyo chupa ilikuwa inakaa rafu ya juu inakula vumbi, wageni hawaigusi. Neema alipozaliwa, meneja akampa mzee moja kama zawadi. Akaenda nayo nyumbani, wakawa wanakunywa na mama Neema, kifuniko kimoja kimoja, mpaka Neema akaanza kutembea.

Mama Neema hakuwa mtu wa pombe. Alichokuwa anapenda ni harufu. Alikuwa anasema inanukia kama kabati jipya lililomwagikiwa sukari ya kuungua.

Mama Neema alifariki Neema akiwa darasa la sita.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe pale hatuongelei pombe.

Nikajisemea, hii si ndiyo Guangzhou, kitu gani hakipatikani hapa? Saidi nilipomwambia akakunja uso. "Mimi hiyo hata jina silitamki," akasema, "lakini mkwe ni mkwe. Nenda katafute. Kwenye mzigo wangu tu usiniletee."

Nikaanza kuzunguka. Maduka makubwa ya pombe za nje, yale yenye taa za manjano na wauzaji wenye suti, nilipita karibu yote. Nawaonyesha picha ya chupa kwenye simu, wananitazama, wanajibu meiyou. Hakuna. Hilo neno nimelizoea sokoni, ila safari hii lilikuwa linanichoma.

Chupa za kampuni ile ile zilikuwepo. Lebo ile ile, rangi ile ile. Namba ndiyo haipo. Wameitoa.

Jamaa mmoja tunayeishi naye jengo moja akaniambia usihangaike, nunua hiyo isiyo na namba, kuna watu hapa wanakuchapishia lebo ya kumi na tano usiitofautishe. Nikamwambia ndugu yangu, huyo mzee amemimina pombe maisha yake yote, mimi nikamwekee sticker?

Mwisho nikaangukia kiduka cha mama mmoja, mtaa wa nyuma huku Haizhu. Biashara yake ni kununua pombe za zamani majumbani. Watu wanapewa zawadi, wanaweka kabatini miaka, mwenyewe akifa watoto wanaziuza.

Nikamwonyesha picha. Akacheka, ila si kwa dharau. Tukawa tunaongea kwa simu ya kutafsiri na Kichina changu cha sokoni.

Mimi kwa mazoea nikamuuliza swali la biashara. Kama haipo, naweza kuweka order kiwandani? Wanaanzia chupa ngapi?

Akaitazama simu, akanitazama mimi. Akasema, "Laoban," yaani bosi, "hiyo order ilitakiwa iwekwe ukiwa unanyonya."

Akanieleza taratibu kama mtoto. Zamani watu walikuwa hawaitaki, kwa hiyo viwanda vikawa havilazi mapipa mengi kwa muda mrefu. Baadaye dunia nzima ikaipenda kwa mpigo. Sasa pipa huwezi kulikimbiza. Na kila mwaka inapolala, nyingine inapotea hewani kupitia kwenye mbao, ukija kufungua baada ya miaka yote hiyo unakuta imebaki kidogo. Ndiyo maana namba zinatolewa kwenye lebo. Wanachanganya na changa ili itoshe watu.

Halafu akaingia nyuma akatoka na boksi limepauka. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, watoto wake ndio walioileta. Namba ipo. Kumi na tano.

Bei msiniulize. Jueni tu kwamba miezi kadhaa nilikuwa nakula tambi.

Alipokuwa ananifungia akarudia mara mbili, isimame wima, usiilaze, kizibo chake ni kizee. Nikaitikia ndiyo ndiyo, huku nimeshafika mlangoni.

Sasa hapa ndipo naomba msinitukane.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa Arusha anasoma hapa, anarudi likizo baada ya wiki mbili. Aliniambia subiri, nitakubebea kwenye begi langu na nitamkabidhi mzee mkononi.

Wiki mbili niliona kama mwaka. Na mimi nilikuwa na robota langu la kwanza la jeans za kutoka soko la Shahe, Neema aniuzie, nimechangia kontena na watu wengine, linafungwa Ijumaa. Nikawaza, vitu vingapi vya kuvunjika nimevificha katikati ya nguo vikafika salama? Vikombe vya wamama, vioo, hata taa. Tena likifika wanalifungua wote wawili, mzee anakutana na chupa katikati ya jeans. Nikajiona nina akili.

Nikaizungushia sweta, nikaizamisha katikati. Imelala.

Godown wanafunga kwa mashine ya kukandamiza, kwa sababu meli inalipwa kwa ukubwa wa mzigo, si uzito. Wateja wa Saidi huwa nawasimamia mwenyewe mzigo usibanwe vibaya. Kijana wa mashine akaniuliza kama inatosha.

Nikamjibu kile ninachojibu kila siku. Kaza tena kidogo.

Wallahi nilishasahau. Mdomo umezoea. Na ile mashine inavyounguruma, hata ng'ombe akivunjika mguu humo ndani husikii. Wakalivika nailoni, wakalivika kiroba, wakapiga gundi. Mimi nikapiga picha robota langu, nikaweka status.

Meli ikaenda. Muda wote ule nalala natabasamu.

Siku limefika Arusha, Neema akanipigia video call, mzee amekaa kwenye kiti pembeni. Nikawaambia fungueni taratibu, kuna kitu chenu katikati.

Neema akachana nailoni. Akasimama. Akanitazama kwenye simu, macho yake yakaniambia kila kitu. Akanyanyua suruali moja, ina doa kubwa la kahawia, vipande vya chupa vikadondoka sakafuni.

Mimi nikaanza nisamehe mzee, nilikuwa na haraka mzee, maneno yananitoka hovyo.

Mzee alinyoosha mkono akapewa ile jeans. Akaikung'uta vizuri, akaikunja kama mtu anakunja taulo la baa, akaiweka usoni. Akakaa hivyo.

Kwenye screen naona mabega yake tu.

Halafu akasema, "Neema, njoo unuse."

Neema akainama.

"Nyumba yetu ilikuwa inanukia hivi ulipozaliwa," mzee akasema. "Mama yako alikuwa anakubeba mgongoni huku ananusa kifuniko."

Neema akaishika ile suruali, akakaa chini pale pale juu ya robota, akalia. Na mimi huku, kwenye ngazi za godown, watu wanapita na mikokoteni wananipigia kelele nipishe.

Baadaye mzee akachukua simu. "Wewe kijana, hii sasa tutainywaje?"

Nikamwambia sijui, mzee.

"Na binti yangu nikikupa utamkandamiza hivi hivi?"

Hapana, mzee.

"Haya, njoo tuongee. Ila panda ndege, usijifunge kwenye robota."

Jeans zilizobaki Neema alizifua akaziuza. Ile moja haijafuliwa. Anasema mzee ameitundika nyuma ya mlango wa chumba chake na hataki iguswe.

Nilichojifunza wakuu, kuna kitu kililala gizani miaka kumi na tano bila kulalamika, halafu mimi nikashindwa kukisubirisha wiki mbili. Ticket nimeshakata. Ni ya mwezi wa kumi na mbili, na sijajaribu kuiwahisha.

Kama mzee wako ana chupa yenye namba kabatini, kaa naye aifungue mwenyewe, akwambie alikuwa anainywa na nani. Na nyie mliowahi kuvunja kitu cha thamani kwa kiherehere, karibuni hapa chini, tucheke kwanza kabla hamjanisema.