Hotpoti Ilirudi Tupu, na Nusu ya Kosa ni Langu

Admin, nifichie jina. Majina ya wengine nimebadilisha mwenyewe, ingawa mtu wa mtaa wetu wa Skuta akisoma habari za mchele atajua tu ni nani. Wacha ajue.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Nyeri. Hata nyanya yangu amezikwa hapa. Nilianza na debe moja la mchele wa pishori kutoka Mwea, nikilibeba mgongoni mlango kwa mlango. Leo niko na maduka mawili, na sijawahi kushikwa mkono na mheshimiwa yeyote wa chama cha rangi yoyote. Mkumbuke hapo kwa rangi.

Jirani yangu, tumwite Mama Wangeci, ni Mkristo na anafundisha watoto Sunday school. Tumegawana ukuta miaka kumi na sita. Tuko na hotpoti moja ya bluu ambayo hatukumbuki tena ni ya nani kati yetu. Siku ya Idd inaenda kwake na pilau. Krismasi inarudi kwangu na mukimo na kuku, na huyo kuku huletwa kwetu akiwa hai siku moja kabla, mume wangu amchinje, ndio sote tule. Hadi Idd iliyopita, safari thelathini na moja hotpoti hiyo ilikuwa imevuka ukuta, na hakuna hata moja ilivuka bila kitu ndani.

Idd iliyopita nilitengeneza kadi kwa simu, mwezi na nyota, nikaituma kwenye grupu ya mtaa. Grupu ina watu 118. Kadi ilikuwa ya kijani, kwa sababu tangu nizaliwe hiyo ndiyo rangi naona Idd. Nikaandika: "Idd Mubarak majirani. Chakula ni saa saba, karibuni kama kawaida."

Dakika nne tu, Baba Kim akajibu: "Mama Salma, kijani? Kumbe uko ule upande!"

Mwingine akadandia: "Ati hiyo pilau imepikwa na mheshimiwa?"

"Sisi wa njano tukuje na sahani zetu ama tutafukuzwa kwa gate?"

Basi wakaanza kutupiana uchaguzi. Ujumbe sabini na tatu. Waliojibu Idd Mubarak walikuwa wawili, na mmoja wao ni mume wangu. Lakini kilichonichoma ni Mama Wangeci. Chini ya maneno ya Baba Kim aliweka emoji tatu za kucheka. Mtu ambaye angeweza kuandika mstari mmoja, "Jameni, ni Idd tu," na mambo yaishe. Nilikuwa nimepika sahani arobaini. Walikuja watu kumi na mmoja. Yeye alikuja pia, nikamshika jikoni, nikamuuliza juu ya zile emoji.

"Ai, Mama Salma, nilichekea tu Baba Kim na ujinga yake. Kwani wewe unahesabu hadi emoji?"

"Nahesabu."

Akacheka. Nami nikacheka, lakini kwa mdomo tu.

Krismasi ikafika. Akatuma picha ya watoto wake wa Sunday school, ishirini na wawili, wamevaa sweta za njano, na mdogo wao amelazwa kwenye nyasi kama Yesu. Akaandika: "Amezaliwa Mwokozi. Krismasi njema majirani." Nisikilizeni vizuri hapa. Sababu ya ile njano niliijua. Tulienda pamoja Karatina kununua uzi, tukazunguka hadi miguu ikauma, na njano ndiyo pekee ilitosha watoto wote. Mimi ndiye nilimwambia achukue.

Na bado nikaandika: "Njano? Kumbe hata mtoto wa horini ana kadi ya chama!" Nikaweka emoji tatu. Nilizihesabu nikiziweka.

Ilikuwa kama kumwaga petroli. Nikaambiwa Waislamu tumeanza kutukana Yesu. Nikaambiwa nirudi kwetu Mombasa, mahali nimeenda mara mbili, zote kwa harusi. Wale wa kijani wakaja kunitetea, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, kwa sababu kufika jioni nilikuwa na chama ambacho sikujiandikisha. Mume wangu alisoma, akanirudishia simu. "Hata sisi Nabii Issa tunamheshimu. Sasa hapa umemkomesha nani?" Nikafuta, lakini walishapiga picha maneno yangu.

Jioni hiyo Mama Wangeci alikuja mwenyewe, hotpoti mkononi. Nikaipokea, ikainuka kwa wepesi.

"Imeoshwa," akasema. Akaenda.

Tangu hapo tunasalimiana kama watu wa benki. Sasa niko kwenye mfungo, Idd imebaki siku tisa. Mwalimu mstaafu anayesimamia grupu ameweka sheria: siku ya sikukuu ni salamu tu, anayeleta siasa anatolewa wiki nzima. Halafu akanipigia. "Mama Salma, sheria bila mfano ni kelele. Anza wewe. Omba msamaha hapo kwa grupu."

Ningependa. Lakini nawajua. Nikiomba hapo, wa njano watasema wameshinda, wa kijani watasema nimenunuliwa, na picha ya wale watoto itarudishwa tena, ichekwe mara ya pili. Nikienda mlangoni kwake kimya kimya na pilau, sawa, tutaongea wawili. Lakini nilimwaibisha mbele ya watu 118. Nikimwomba msamaha mbele ya mmoja, hesabu inakubali kweli? Na ile emoji tatu yake, niitaje ama niimeze?

Pilau nitapika, hilo nimeshaamua. Hotpoti iko juu ya kabati, naiona kila nikifuturu. Nielekezeni, ndugu zangu, niipeleke vipi. Na tafadhali, kabla hamjanishauri, msiniulize niko chama gani.