Mlango wa Hanus

Kijijini kwetu, huku visiwani Faroe, hatupigi hodi. Unasukuma mlango, unavua viatu, unamiminiwa kahawa. Kwa hiyo Hanus, fundi wa injini za boti, alipoanza kujifungia kwa ufunguo, tulijua hataki kutuona. Watu wazima na akili zetu, hakuna aliyemuuliza.

Kumbe utumbo wake ulikuwa na vidonda. Alihara damu, akikimbilia chooni kutwa, na choo chake kimetengwa na jikoni kwa ukuta wa mbao tu. Angekaaje na wageni? Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini Hanus alilia peke yake, redio ameifungulia sauti.

Hospitali walimwanzishia dawa ya dripu. Wakamwambia damu yake ndiyo itakayoonyesha kama uvimbe wa ndani unashuka. Usiposhuka, utumbo utakatwa. Kila akitolewa damu alirudi nyumbani kungoja simu, hana hata wa kumshika mkono. Siku moja nesi Turið akapiga.

"Hanus, umekaa?"

"Nimekaa. Sema tu dada, usinizungushe."

"Kile kipimo cha uvimbe kilikuwa arobaini na nane. Leo ni tatu."

"Tatu? Hamjanichanganyia na damu ya mtu?"

"Ni yako, mzee! Na choo ulicholeta kinasema hivyo hivyo. Dawa imekukubali. Kisu tumekiweka kando."

Hanus alizungusha ufunguo kufungua, mlango akaurudishia tu. Akachemsha kahawa, akatoa vikombe viwili, akakata nyama ya kondoo iliyokaushwa na upepo. Nyayo za jirani yake Jákup zikaja, zikapita. Zilishazoea kupita. Kesho yake vivyo hivyo. Mlango uliorudishiwa na mlango uliofungwa kwa ufunguo, ukiwa barabarani, huitofautishi. Aliniambia baadaye kwamba siku zile mbili zilimuuma kuliko vidonda.

Siku ya tatu aliuacha mlango wazi kabisa. Upepo ukaubamiza ukutani, tena na tena.

"We Hanus!" Jákup alifoka kutoka barabarani. "Mlango unang'oka huo! Umekufa humo ndani?"

"Bado."

"Basi njoo uufunge!"

"Njoo uufunge wewe," Hanus akasema. "Ila uingie kwanza."

Jákup akasimama kizingitini. Akaviona vikombe viwili mezani, kimoja kikavu. Akainama, akaanza kuvua viatu.