Ukosi wa Shati la Mwokaji

Walimwita Hamira, na jina lilimkaa. Kwanza kwa sababu ya kazi, maana alikuwa mwokaji mikate tangu ndevu hazijamwota. Pili kwa sababu ukimgusa kidogo tu, anaumuka. Mwambie mkate wa leo umeungua chini, umejitafutia mwenyewe. Atakushikisha huo mkate, augonge kwa kidole mgongoni usikie unavyolia, kisha akuulize kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyewahi kupika kitu kikalia vile.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa na binti mdogo, wa miaka mitatu, na mbele ya binti huyo alilegea kabisa, hana kauli.

Pale bekari walikuwa na desturi yao. Mikate ikitoka tanurini, mwokaji anavunja mmoja atazame ndani kama umeiva sawasawa. Huo uliovunjwa hauuzwi, ni haki ya aliyeuvunja. Hamira aliufunga kwenye kitambaa ungali na joto, akaupeleka nyumbani kwa bintiye. Mtoto aliachishwa ziwa kwa mkate huo. Baba mtu alijisifu nao mtaa mzima: wenzake wanalea kwa makopo ya dukani, yeye analea kwa mkono wake.

Mkate uliingia, mtoto hakukua. Tumbo lilijaa, miguu ikakonda, nywele zikapauka na kukatika, mpaka majirani, ambao midomo yao haina breki, wakambandika jina la Kijiti. Watoto wenzake wakicheza, yeye anakaa chini ameegemea ukuta. Ukimsemesha, analia. Choo chake kilikuwa cha maji na harufu yake usiiombe. Dawa za minyoo alinyweshwa hadi minyoo yenyewe, kama ilikuwapo, nadhani ilihama.

Hamira dawa yake ilikuwa moja tu: aongezwe mkate. Alitoa ile sehemu laini ya katikati, akailoweka kwenye maziwa, akamlisha kwa vidole. Mtoto aliyekataa kila kitu alikula hicho. Hapo Hamira alimtazama mkewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwisho wakafika kwa daktari wa watoto, mama mmoja wa sauti ya chini. Akatoa damu, akapima, akawaita tena.

"Utumbo wa mtoto wenu haupatani na ngano," alisema. "Kila akila, utumbo unaumia, na chakula kinapita bila kumfaa. Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha ngano kabisa, hata chembe." Kisha akauliza, "Baba anafanya kazi gani?"

Mkewe ndiye aliyejibu kuwa ni mwokaji, maana Hamira alikuwa ameshaumuka.

"Ngano inalisha dunia nzima, daktari. Leo ije imdhuru mwanangu?" Hamira alifoka.

"Dunia nzima siyo mwanao, baba," daktari alisema, wala hakupandisha sauti.

Mkewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyohiyo alitoa jikoni chungio, mwiko wa mbao na kikaango cha zamani, akagawa vyote, maana vilishashika unga wa ngano. Mtoto akaanza kupikiwa wali, viazi, mayai na maharage. Mahindi ya uji aliyatwanga mwenyewe mpaka mikono ikaota malengelenge, kwa sababu mashine ya mtaani inasaga kila kinachokuja, ngano nayo ikiwamo. Hamira naye, tumpe haki yake, aliacha kuleta mkate. Ule wa kuvunja akawaachia wenzake.

Basi mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo. Mtoto alilala bila kulalamika. Asubuhi moja akasema, "Mama, wali." Hakuna aliyemwuliza, ameomba mwenyewe. Mama mtu alisimama na sufuria mkononi, akajifanya anatafuta chumvi, kumbe machozi yanamtoka. Siku nyingine choo kikatoka kimeshikana, na bibi wa mtoto, mama mkwe wa Hamira, akaitwa aje ashuhudie. Wanawake wawili wazima wakainamia poti wakitabasamu kama wanatazama pete ya dhahabu.

Furaha yenyewe haikudumu. Mtoto anapanda, anashuka. Leo anacheka, keshokutwa tumbo limejaa tena na ameurudia ukuta wake.

"Unampa mkate," mkewe alisema.

"Simpi."

"Basi nani?"

Hamira alikuwa na jibu tayari. Akamwendea mama mkwe wake, akamwambia usoni kwamba yeye ndiye anayempa mtoto biskuti kwa siri. Bibi wa watu alichukua mkoba wake, akamuaga mjukuu, na hakukanyaga tena nyumba ile. Mtoto akaendelea kupanda na kushuka vilevile, na hata hilo halikumfungua Hamira macho.

Kisha baba yake mdogo akafariki. Hamira akasafiri kwenda kuzika, akakaa huko hadi mambo ya familia yakaisha. Aliporudi na begi lake begani, alikuta mtoto uani anamfukuza kuku kwa ufagio. Anamfukuza kweli, na kumgombeza juu. Mashavu yamejaa. Kichwani zimeota nywele changa, nyeusi. Hamira alisimama pale akicheka peke yake.

Mkewe alikuwa mlangoni, hacheki.

"Amepona ulipoondoka," alisema. Hakusema kwa ubaya, ni kuchoka tu.

"Imesadifu."

Mkewe akaingia ndani, akatoka na shati lake la kazini lililokuwa limetundikwa msumarini, akaugeuza ukosi. Pembe yake ilikuwa imetafunwatafunwa, imekakamaa kwa unga uliokauka na mate. Hapo Hamira akaelewa kabla hajaambiwa. Tangu mchanga, mtoto huyo akishikwa na usingizi mchana, hubebwa begani na babake anayetoka kazini, naye hulala akinyonya ukosi wa shati. Hakuna aliyemfundisha.

"Nilikwambia mara ngapi uvue nguo nje?"

Naye akajibu kama waokaji wote wanavyojibu, neno limetoka kabla ya akili: "Unga si uchafu."

Ndivyo wanavyosema kule bekari. Mafuta ni uchafu, masizi ni uchafu, lakini unga unaupangusa kwa kiganja, yakaisha. Alikuwa akirudi nyumbani mweupe hadi kwenye nyusi, akijipangusa mlangoni mara mbili tatu, na kumnyanyua mwanawe. Mkate aliuacha bekari, kisha akauleta kifuani. Safari hii hakuumuka. Alikaa kizingitini na shati mapajani.

Alikwenda kumwomba radhi mama mkwe wake. Alipokewa kwa heshima zote, akapewa kiti na maji ya kunywa, na hakusamehewa. Alitafuta kazi nyingine pia, ya ulinzi, ya kubeba mizigo, ya chochote. Kila mlango aliulizwa anajua nini, na kila mlango akasema anajua kuoka. Mkewe akamwambia baki hukohuko, tutakula nini. Wakapanga kwamba akirudi, anapitia bafu la nyuma ya nyumba kwanza, na asimguse mtu mpaka awe safi.

Haukupita muda, mchana mmoja akasukuma geti, akamkuta mtoto uani. Mtoto alimwona. Akatupa alichoshika, akaja mbio, mikono juu, anaita baba. Mtoto ambaye maisha yake yote alimpokea ameegemea ukuta, sasa anakuja kwa miguu yenye nyama. Siku hiyo Hamira aliiombea miaka. Na pale aliposimama alikuwa na unga mikononi, kifuani, hadi ndani ya masikio.

"Rudi," alisema, kwa ile sauti yake ya kazini. "Usinishike."

Mtoto hakuelewa, akazidi kuja. Hamira akainua mikono juu na kurudi nyuma hadi mgongo ukagonga geti. Mtoto akasimama. Akamtazama tu, mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Ana akili, amejifunza haraka. Geti likilia, anainuka mwenyewe anaingia ndani, na kutoka dirishani anasema, "Baba, kaoge." Kliniki wamempima, daktari amefurahi. Jina la Kijiti limesahaulika. Hamira anamshukuru Mungu, na anamshukuru kwa dhati, asikudanganye mtu.

Anaoga, anasugua kucha kwa jiwe, anavaa shati lililofuliwa na kunyooshwa. Mtoto akianza kusinzia, anamchukua begani kama zamani. Mtoto anautafuta ukosi kwa midomo, anaupata, anaunyonya. Una ladha ya sabuni. Anautema, anafumbua macho, anamnyooshea mama yake mikono.